Mashine ya makasia inanipa sifa, Ziwa Nyasa limenivua nguo: kwa nini namba hazifanani?

Mzee_wa_Uyole (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunicheka, maana ukoo mzima umeshanicheka vya kutosha.

Nipo Mbeya, umri miaka 38, uzito kilo 92. Mwaka jana presha ilinisumbua nikajiunga na jimu moja hapa mjini. Mashine za kukimbilia jioni zina foleni kama ya maji, nikaangukia ile ya kupiga makasia iliyokuwa kona, watu wanatundikia taulo. Miezi kumi baadaye ile kona ni yangu. Mita 2000 navuta kwa 7:36, yaani 1:54 kwa kila mita 500. Vijana wa miaka 25 wanakaa, wanavuta dakika mbili, wanaondoka kimya kimya.

Sasa Jumamosi iliyopita nikashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumsalimia shangazi. Mwanawe ni mvuvi wa usipa, kilo 61 (nilimpima kwenye mizani ya mchele), jimu anaisikia tu kwa watu. Nikamwambia mbele ya watoto wake: "Mdogo wangu, siku hizi kwenye maji mimi siyo mwenzako." Hakujibu. Akaingia ndani, akatoka na kafi, akanipa.

Tulipima mita 500 kwa kutembea ufukweni na saa yangu ya GPS, kutoka mti ulioanguka mpaka usawa wa dumu la njano lililofungwa kwenye wavu. Asubuhi, maji yametulia kama sahani. Mtumbwi uleule, saa ileile ya mkononi, tukaenda kwa zamu.

Mimi: 5:20. Yeye: 4:05, na alipofika akaanza kutoa maji kwenye mtumbwi kwa kopo huku anapiga mluzi.

Swali langu: mashine inanidanganya? Maana kwa hesabu ya mashine mita 500 ni chini ya dakika mbili. Majini nimetumia zaidi ya tano. Hiyo tofauti imeenda wapi?

---

Chai_ya_Rungwe

Imeenda Malawi mkuu.

---

Bega_Kubwa

Kiongozi, tatizo ni ugumu uliouweka kwenye mashine. Pale pembeni ya feni kuna kishikizo chenye namba 1 hadi 10. Wengi wenu mnaweka 4 mnajidanganya. Weka 10, vuta mwezi mmoja, rudi Matema umfunze adabu.

---

Kiti_Telezi

Bega_Kubwa, kwa heshima zote, hapana.

Nilisoma Uingereza miaka kadhaa na nikapiga makasia timu ya chuo, kwa hiyo hili limenitoa jasho kweli. Ile namba ya pembeni siyo ugumu kwa maana unayodhani. Inafungua tu tundu la hewa kwenye feni. Ukiweka 10, hewa inaingia nyingi, feni inapungua mwendo haraka, kila mvuto unakuwa kama unasukuma boti zito. Ukiweka 3, ni kama boti jepesi. Kompyuta ya mashine inapima feni inavyopungua mwendo kila unaporudi mbele, inajua ukinzani ulioupata, halafu inakulipa kwa kazi uliyofanya. Hupewi zawadi kwa kuweka 10. Unajipa maumivu ya mgongo tu.

Na nyinyi wa Mbeya mna jambo lingine. Mji uko kama mita 1700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Namba 5 ya Mbeya ni laini kuliko namba 5 ya Dar. Ndiyo maana wazoefu hawaangalii namba ya kishikizo, wanafungua kwenye kioo ule ukurasa wa kipimo cha ukinzani na kuuweka kwenye 110 hadi 130 hivi. Ukiwa juu milimani unafungua tundu zaidi kupata kipimo kilekile.

Mleta mada, turudi kwako. Kosa la kwanza ni kulinganisha vitu viwili visivyo ndugu. Ile mashine inaiga boti la mashindano: kiti kinateleza, unakaa ukitazama ulikotoka, miguu ndiyo inasukuma, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Sehemu kubwa ya nguvu ni mapaja. Kwenye mtumbwi umekaa miguu imekunjwa, unatazama mbele, una kafi moja mkononi. Mapaja yako yaliyokuletea 7:36 yalikuwa abiria.

Halafu hata aliye kwenye boti lenyewe, mashine na maji havilingani. Rekodi ya mashine ya mita 2000 kwa wanaume ni ya Josh Dunkley-Smith wa Australia, 5:35.8, mwaka 2018. Muda bora wa mtu mmoja kwenye boti, umbali huohuo, ni wa Robbie Manson wa New Zealand, 6:30.74, Poznan nchini Poland mwaka 2017. Karibu dakika nzima katikati yao, na wote wawili ni majitu. Mwaka huohuo, Poznan hapohapo, Wajerumani wanane kwenye boti moja walipita kwa 5:18.68. Yaani namba ya mashine inakaa katikati: boti la mtu mmoja liko polepole kuliko kioo, boti la watu wanane linaipita. Waliotengeneza ile mashine waliipangia iende karibu na boti la watu wanne. Kwa hiyo ile 1:54 yako ni kama umepanda boti na wenzako watatu wenye nguvu kama zako. Mtumbwi wa Matema, peke yako? Ondoa kabisa kichwani.

---

Dada_wa_Tukuyu

Nimecheka "mapaja yalikuwa abiria" hadi mwanangu kaamka.

---

Mwalimu_Mkwawa

Kamwene wadau. Nafundisha fizikia Iringa na jambo hili nimelipenda, wanafunzi wangu watalikuta kwenye jaribio Jumatatu.

Mzee_wa_Uyole, saa yako ya GPS inatunza njia uliyopita. Fungua uangalie: ulipiga mita ngapi mpaka kufika kwenye dumu? Siyo umbali wa ufukweni. Njia yenyewe uliyopita.

---

Mzee_wa_Uyole

Mwalimu, nimefungua. Nasikia aibu. Mimi mita 590. Yeye 508. Njia yangu kwenye ramani inafanana na nyoka aliyekanyagwa mkia.

---

Mwalimu_Mkwawa

Nilijua! Shika kalamu.

Sekunde zako ni 320, mita 590. Mtumbwi ulikuwa unakwenda mita 1.84 kwa sekunde. Mwenzako sekunde 245, mita 508, ni mita 2.07 kwa sekunde. Kwa kasi tu hamkuachana sana, anakuzidi kama asilimia 12.

Sasa ungekuwa na kasi yako hiyohiyo mbovu lakini ukapita njia yake ya mita 508, ungefika kwa sekunde 276, yaani 4:36. Maana yake katika sekunde 75 alizokushinda, 44 ulizitupa kwa kwenda kushoto na kulia. Zilizobaki 31 ndizo za kasi. Mashine ya jimu haina kushoto wala kulia, imefungwa sakafuni.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui. Maji yanadai kodi inayopanda haraka. Nguvu unayohitaji inakua kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kasi mara mbili, andaa nguvu mara nane. Na mashine inafuata kanuni hiyohiyo, hapo hawakudanganya. Chukua sekunde za mita 500, gawa kwa 500, upate sekunde za mita moja. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe mara tatu, halafu 2.8 uigawe kwa jibu. Hizo ndizo wati. Wewe: 114 gawa 500 ni 0.228, mchemraba wake 0.01185, jibu wati 236. Ukitaka kushuka mpaka 1:44, unahitaji 311. Sekunde kumi hizo ni wati 75. Lakini anayeanza, akitoka 2:24 kwenda 2:14, anaongeza wati kama 28 tu. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mnajisifu sana.

Kwa kanuni hiyo, ile asilimia 12 ya kasi siyo ndogo. Ni kwamba nguvu inayofika majini kwake inazidi yako kwa karibu asilimia 40. Nasema *inayofika majini*. Uliyonayo mwilini ni habari nyingine.

---

Bega_Kubwa

Mwalimu hesabu ni nzuri ila kumbuka pia mwinuko. Mtu wa Mbeya akishuka ziwani anachoka kwa joto.

---

Kiti_Telezi

Joto sawa, lakini hewa inamsaidia. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa Matema unazidi wa Mbeya mjini kwa takriban asilimia 15, oksijeni hivyohivyo. Mtu anayefanya mazoezi Mbeya akishuka kule mapafu yanafurahi. Huo ndio utetezi ambao mleta mada hana.

---

Mzee_wa_Uyole

Asanteni kwa kunifariji.

---

Usipa_Mkavu

Mimi ni mtu wa Kyela, baba yangu mvuvi, na mimi nimevua mpaka nilipopata kazi ya bodaboda. Sijui wati. Ila kaka nina maswali mawili. Ulikaa wapi kwenye mtumbwi? Na kafi ulikuwa unahamisha?

---

Mzee_wa_Uyole

Nilikaa nyuma kabisa. Na ndiyo, kila nikiona unapinda nahamishia kafi upande wa pili.

---

Usipa_Mkavu

Basi hapo. Mtu wa kilo 92 ukikaa nyuma kabisa pua inapanda, nyuma inazama, unalima maji badala ya kuyakata. Na pua ikiwa juu upepo kidogo tu unaigeuza. Sogea mbele mpaka mtumbwi ulale sawa. Angalia alama ya maji kwenye ubao, mbele na nyuma ziwe karibu sawa.

Na kafi hatuhamishi kila mara. Kila ukihamisha mtumbwi unasimama. Unapiga upande mmoja, na mwisho wa kupiga, kafi likiwa limefika kwenye nyonga, unalizungusha kiganjani, uso wake utazame nje, unasukuma kidogo kama unafunga mlango. Huo msukumo mdogo ndio unanyoosha mtumbwi. Mtoto wa miaka nane Matema anajua, hajui tu kuwa anajua.

Jambo lingine, usiende na kelele. Kafi lako likipiga "pwaa" umepiga maji. Linatakiwa liingie kimya, ndipo uvute.

---

Kiti_Telezi

Usipa_Mkavu umeandika kwa mistari michache jambo ambalo kocha wangu alilipigia kelele miezi sita. Hata kwenye boti la mashindano ndivyo hivyo. Ukiwa kwenye mashine ukajirusha mbele kwa fujo kabla ya kuvuta, kioo hakisemi kitu, sakafu imekushika. Fanya hivyo kwenye boti la kilo 14 lililobeba mwili wa kilo 90: mwili ukifika mwisho wa mbele kwa kishindo, boti linasukumwa nyuma, unasikia maji yanagonga ubavuni, kasi imekufa. Kwa hiyo kuna watu wana muda mzuri sana wa mashine ambao kocha akiwaweka kwenye boti, boti zima linapungua mwendo. Tulikuwa naye mmoja. Jitu la mita mbili, kioo kinamwogopa. Kila tulipopanda naye tulishindwa na timu ya akina dada.

---

Dada_wa_Tukuyu

Mmegusa uzito, niulize na mimi. Nina kilo 58. Jimu tuna ubao wa majina, wanaume na wanawake pamoja, kwa muda wa mita 2000. Mimi wa mwisho kila wiki na huyo aliye juu yangu ana kilo 95. Ni haki kweli?

---

Kiti_Telezi

Siyo haki, na hata watengenezaji wanajua. Kwenye mashine uzito wako umebebwa na reli, haukugharimu karibu chochote. Majini kila kilo inazamisha boti kidogo, na sehemu iliyolowa ndiyo inayokuburuza. Wana kanuni yao: chukua uzito wako kwa paundi, gawa kwa 270, inua kwa 0.222, zidisha na muda wako. Inakadiria ungekuwaje kwenye boti la watu wanane.

Mtu wa kilo 95 aliyevuta 7:00 anapata 6:37. Mtu wa kilo 75 aliyevuta 7:15 anapata 6:30. Kwenye ubao wa kwanza kashindwa kwa sekunde 15, kwenye maji anaongoza kwa saba. Waambie waweke safu ya pili ubaoni.

---

Dada_wa_Tukuyu

Nimeshaiandika kwa chokaa. Wamekaa kimya.

---

Chai_ya_Rungwe

Mzee wa Uyole sasa mshindanishe na huyo ndugu yako kwenye mashine, upate pa kupumulia.

---

Mzee_wa_Uyole

Wakuu, zimepita wiki tatu, naleta mrejesho. Chai_ya_Rungwe, wazo lako lilifanyika lenyewe: dogo alipanda Mbeya kununua nyavu Mwanjelwa, nikampitisha jimu.

Kwanza aliizunguka ile mashine. Akauliza maswali mawili: maji yako wapi, na kwa nini mtu akae akitazama alikotoka. Nikamwonyesha. Mvuto wa kwanza alivuta kwa mikono tu, miguu imekakamaa, kiti hakikusogea hata inchi. Nikamwambia sukuma kwa miguu. Akasukuma kwa miguu akasahau mikono, kiti kikateleza peke yake, mnyororo umebaki palepale. Ilimchukua dakika kumi kukaa sawa. Halafu mita 2000: 9:20. Nusu ya mwisho alikuwa anahema kama mbuzi wa mnada, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikapiga hesabu za Mwalimu. Yeye 2:20 kwa mita 500, wati 128. Mimi 236. Karibu mara mbili! Nikaweka na kanuni ya uzito: mimi nashuka kuwa 7:08, yeye anakuwa 8:00. Nilikuwa namzidi sekunde 104, zimebaki 52. Uzito umekula nusu kamili ya ubingwa wangu. Lakini hata baada ya hapo bado mimi ndiye mwenye nguvu. Sasa kwa nini ananishinda kule?

Ijumaa tukashuka wote. Jumamosi asubuhi tukarudi kwenye mti na dumu.

Kwanza nilitaka kujua uzito unagharimu nini hasa kwenye mtumbwi wenyewe. Nikachukua gunia la mchele la shangazi, tukapunguza mpaka kilo 31, tukalilaza katikati ya mtumbwi. Dogo pamoja na mchele ni kilo 92, sawa na mimi. Akapiga: 4:16. Bila mchele, nusu saa baadaye: 4:04. Kwa hiyo kilo 31 ni sekunde 12.

Halafu mimi. Nimesogea mbele kama Usipa_Mkavu alivyoelekeza, alama ya maji mbele na nyuma sawa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuzungusha kafi kiganjani kwa saa nzima, mtoto wake wa miaka tisa ndiye mwalimu, amekaa mbele yangu ananiambia "bamkubwa, funga mlango, funga mlango." Mara ya kwanza nikazunguka duara kamili. Mara ya tatu ulinyooka kama mita thelathini hivi na nikasikia maji yanabadilika sauti chini ya ubao, yanakwenda *ssss* badala ya kugonga. Sijawahi kuisikia sauti ile jimu.

Muda: 4:41. Njia: mita 531.

---

Mwalimu_Mkwawa

Sekunde 281, mita 531, kasi 1.89. Umetoka 1.84. Unaona? Sekunde 39 umeziokoa, na kama 32 kati yake zimetoka kwenye kunyoosha njia. Nguvu yako majini imeongezeka kidogo. Na gunia limejibu vizuri: uzito ni sekunde 12, basi sekunde nyingine 25 alizokuzidi ziko kwenye njia yako ambayo bado inapinda kidogo, na mikononi mwake, kafi linavyoingia na linavyotoka.

---

Kiti_Telezi

Na misuli yenyewe. Miaka ishirini ya kafi imemjengea mgongo na mabega ambayo kioo cha mashine hakiyaulizi. Wewe wati zako 236 nyingi zinatoka kwenye mapaja. Ungekuwa kwenye boti lenye kiti kinachoteleza, baada ya miezi michache ya kujifunza ungemwacha mbali. Tatizo hilo boti Matema halipo, na likiwepo utapinduka nalo siku ya kwanza, ni jembamba kama mwiko.

---

Bega_Kubwa

Niko tayari kukiri, nimeshusha kishikizo mpaka 4. Mgongo umeacha kuuma. Msiniseme.

---

Usipa_Mkavu

Kaka umejitahidi. Ombi moja: usiende peke yako, na mchana upepo ukianza toka majini. Vaa jaketi la kuokolea hata kama watoto watakucheka. Na midomo ya mito usiisogelee, kuna mamba, wao hawana habari na 7:36 yako.

---

Dada_wa_Tukuyu

Mchele ulirudi salama?

---

Mzee_wa_Uyole

Ndaga (asante), Usipa_Mkavu, jaketi nimenunua.

Dada, hilo ndilo linalonizuia kushuka wikiendi hii. Kona moja ya gunia ililowa. Shangazi ameuanika mkekani, anafukuza kuku kwa kafi, na kila anayepita anaambiwa ni mimi.